Mghafu wa Shamba la Marehemu Khalil

JUMUIYA YA WENYE MASHAMBA YA FALAJ DOGO, BAWSHAR, MASKATI
Kumbukumbu za kikao cha Alhamisi, 6 Novemba 2025, barazani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Nasr (Mwenyekiti), Ghadeer (Katibu), Badr, Bi Kheiria (mjane wa marehemu Khalil), Dkt. Khawla (mhadhiri wa mimea, mwalikwa).
Hakuhudhuria: Hisham, bila ya udhuru, mara ya tatu sasa.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua saa 10:10 alasiri. Kahawa ilichelewa, na Bwana Badr hakuacha kulitaja hilo.

KUMB. NA. 2/11/2025: MIGHAFU YA KIGENI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mighafu ya kigeni, miti ya miiba inayofanana na mghafu wetu wa asili, inanyonya maji ya mfereji wa falaj na kujaza miche yake mashambani, na kwamba wanachama wameshaing'oa yote. Umebaki mmoja, mkubwa, shambani kwa Bi Kheiria, alioupanda mumewe mwaka 1975. Bi Kheiria amekuwa akishikilia kwamba ni mghafu wa asili, ambao haukatwi ovyo.

Bwana Badr, jirani yake, alieleza kwamba mitende yake saba imekauka, "na sisi tunamstahi mtu mzima mpaka shamba lote liishe." Mwenyekiti alimtaka apunguze ukali. Hakupunguza. Aliongeza kwamba marehemu Khalil alipanda mti asioujua kwa sababu ya ujuaji wake.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA MTAALAMU
Dkt. Khawla aliweka mezani matawi mawili, moja la mti huo na moja la mghafu wa asili, pamoja na maganda ya mbegu za kila mmoja. Ya mti huo ni manene, ya manjano. Hapakubaki shaka kwamba ni wa kigeni.

Bi Kheiria hakuyatazama. Alisema, "Nnajua, mwanangu. Nnajua miaka arubaini." Aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo, na Katibu ameyaandika:

"Mche tumepewa na Salem, babake Badr. Yeye katangulia kuja kutoka Unguja miaka miwili kabla yetu, basi tukimwona mwenyeji. Kasema huu ndio mghafu, mti wa nchi yetu, pandeni. Alipokuja kujua sio, kaona haya kumwambia Khalil. Kila kiangazi akija na gunia, akiyachuma maganda yote kabla hayajaanguka, akenda kuyachoma moto. Khalil akidhani anawapelekea mbuzi. Mimi nkimtilia kahawa, nkinyamaza. Khalil kafa akiamini kapanda mghafu wa asili. Salem naye kafa, mwaka wa nne huu. Tokea hapo hapana aliyekuja kuchuma."

 

KUMB. NA. 4/11/2025: UAMUZI
Iliamuliwa kwamba mti ukatwe na kung'olewa Jumamosi, 8 Novemba, asubuhi. Bi Kheiria aliridhia. Bwana Badr aliomba kazi hiyo aifanye yeye, na akakubaliwa.

Kabla ya kufunga, Bwana Badr aliuliza kama baba yake aliwahi kumtaja katika jambo hili, kwani yeye hakuambiwa kitu.

Bi Kheiria alijibu, "Babako akisema, 'Nkifa mimi, atakuja Badr.' Basi nkakusubiri."

Kikao kilifungwa saa 11:15 jioni. Bwana Badr alibaki kumsindikiza Bi Kheiria hadi garini.

Nasr, Mwenyekiti ....................
Ghadeer, Katibu ....................