Mubleu Anasimama Mulangoni

Mbugangari, 3/2/1998

Kwa yaya Jado, kaka yangu,

Salamu nyingi. Hapa tuko wazima, ni mama tu anakohoa kidogo. Wewe afya iko je huko internat, shule ya kulala?

Nakuandikia kwa sababu kwa mudomo nashindwa, unanijua. Kwa Rugema televizyo ya jeu, ile michezo ya kupigana, ingali inafanya kazi, na sheria yako ingali ileile: mubleu, yule mugeni kwenye muchezo, anapewa maneti, kile cha kushika mukononi, yenye kifungo kilikufa, na mwenye kupigwa kwenye jeu anatoka inje kuchunga njia, mama zetu wasitukute. Sasa mubleu ni Straton. Walikimbia vita huko Kanama, wako kwa shangazi yake. Na maneti ile mutu wake kwenye televizyo hawezi kurusha ngumi, donc kila siku Straton iko inje mpaka giza. Wakubwa wanamucheka: “Bleu, usilale huko.”

Yaya, iko camionnette, gari dogo la mizigo, bila plaque ya namba, inapita polepole saa ya magharibi. Jana ilisimama. Wanaume wa ndani walimuuliza Straton, “We ni wa nani?” Alisema wa Rugema. Walicheka, wakaondoka.

Andika kikaratasi kwamba sheria imekwisha. Wewe watakusikia.

Mudogo wako, Sylvain

—

Internat, 20/2/1998

Mudogo wangu,

Nimefurahi kupata barua yako. Mama anywe chai ya tangawizi, aache moshi wa makaa.

Bon. Wewe pia ulisimama pale, ukalia, na leo unapiga watu wote. Nani alikuhurumia? Straton atashinda siku moja, atatoka mwenyewe. Camionnette pengine ni ya wauza mbao. Unaogopa mpaka kivuli, Sylvain.

Yaya wako, Jado

—

Mbugangari, 4/3/1998

Kwa yaya,

Natumaini barua hii inakukuta muzima. Mama amepata nafuu.

Camionnette ilirudi.  Basi nilisema mbele ya wote, “Tumupe maneti nzuri.” Wakasema, “Haya, we chukua mbovu.” Nikachukua. Alinipiga, yaya. Mara ya kwanza namuona anacheka. Mchana namufundisha, jioni ni mimi niko inje.

Usimwambie mama. Kweli naogopa. Jana wale wa camionnette waliniuliza nyumba yetu iko wapi.  Yule wa kiti cha mbele akasema, “Kesho utajibu.”

Mudogo wako, Sylvain

—

Internat, 17/3/1998

Sylvain,

Sikuulizi habari, nakuambia: usitoke. Kikaratasi hiki kisome kwa sauti, au Rugema asome: “Maneti mbovu itupwe. Mubleu apewe nzuri, afundishwe, akae ndani na wengine. Hakuna mutu anasimama inje tena. Ni mimi Jado niliweka sheria, ni mimi naitoa.”

Nampa Dauda wa minibus, afikishe leo.

Yaya wako

—

Internat, 23/3/1998

Mudogo wangu,

Salamu. Mama iko je? Na wewe?

Dauda amenirudishia bahasha, haikufunguliwa. Anasema kwa Rugema pamefungwa, televizyo haiwaki, wakubwa hawaonekani. Mulangoni alikuta kijana moja tu, hamujui. Akamuambia, “Rudi nyumbani, mutoto, giza linaingia.” Kijana akakataa. Anasema zamu ni yake, anakungoja wewe urudi. Alikuwa ameshika maneti, ile nzuri, waya umezungushwa mukononi.

Andika, Sylvain. Hata mustari moja, Dauda anangoja.

Yaya wako, Jado