Kiti Changu cha Getini

Jumanne

Itangazwe kwa heshima zote kwamba leo, hapa Kibamba, kiti changu cha getini kimefariki dunia. Marehemu alikuwa sanduku la chuma lenye alama ya njano, mali ya kituo cha utafiti kilichofungwa. Niliomba ofisini kiti cha mlinzi mpaka nikachoka, nikajichukulia hilo. Mke wangu akanishonea mto wa kanga, maana chuma cha alfajiri kina baridi.

Leo wataalamu wamekuja kubeba mashine mbovu zenye mionzi. Wamevaa meupe kama wanaenda kuhiji.

"Mzee, unakalia hicho?" kijana mmoja akaniuliza.

"Kwani nyie mmeniletea kingine?"

Akasogeza kipimo kwenye sanduku, kikapiga kelele. Akasogeza kwenye mto, kikapiga tena.

"Mionzi kidogo tu, mzee wangu, usiogope," akasema, huku anarudi nyuma.

Sanduku likavishwa nailoni, likapewa pipa, gari na askari wa kulisindikiza. Mto nao vivyo hivyo. Mie sijasindikizwa hivyo hata siku ya harusi.

Nyumbani mke wangu kauliza, "Mto wangu uko wapi?" Nikamwambia umeteuliwa serikalini. Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kisha mgongo ukaniuma, maumivu yale yale ya siku zote. Nadhani ni yale yale.

Wamepima sanduku, mto, geti, mpaka birika langu la chai.

Mie hakuna aliyenipima.