Hukuwa Umelewa, Othieno

Othieno, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuiuliza, kwa hiyo pokea yangu: ni mbaya. Sili vizuri, sisali vizuri, na nikisikia gari linashuka mteremko naacha nilichoshika mpaka lipite. Ni mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike pale kwenu Kirewa, na mimi, Wandera wako wa Masaba, bado nina jambo kifuani ambalo lazima nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tela letu liko uani kwangu. Mashine ya kupukuchua mahindi iliyofungwa juu yake haikuharibika sana, ungeshangaa. Ni gurudumu moja tu lililopinda, na kuku wamefanya humo pa kutagia. Watu wa Buteba bado wananipigia simu kuuliza tutakuja lini, mahindi yao yamekauka na wanayapiga kwa fimbo ndani ya magunia. Wengine hawajapata habari. Mmoja aliniambia, "Wewe nasumbua. Nipe Othieno niongee na yeye." Nilikata simu, nikaizima mpaka kesho yake.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe Mjopadhola, mimi Msamia, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake hata ya kuombea maji. Tukabaki na Kiswahili, wewe na chako cha sokoni, mimi na changu nilichosomea ng'ambo, upande wa Kenya. "Huyu Wandera naongea kama redio," ulikuwa unawaambia watu, na wanacheka, na mimi nanuna. Lakini kwenye kufunga tela, redio ilinyamaza yenyewe. Sikujua lolote.

Ulinifundisha kuanzia chini. Kichwa cha tela kikalie ile bola, tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu, bola ya kipimo chake, si ya kukisia. Nifunge, nitie pini. Halafu, na hapa ndipo nilipokuona mtu wa kuchosha, nipige jeki shingo ya tela mpaka matako ya pikapu yanyanyuke pamoja nayo; yakinyanyuka, basi imeshika kweli. Minyororo ipishane chini ya shingo, ili kichwa kikichomoka kidakwe kabla ya kuchimba barabara. Mwisho nirudi hatua kumi, nitazame kama tela limekaa sawa. Na mzigo uwe mbele, siku zote mbele, karibu na injini ya mashine. "Tela nataka kuegemea pikapu," ulisema. "Ukiweka uzito nyuma itapiga mkia, na ikianza kupiga mkia, wewe si dereva tena." Nilikuwa naitikia huku nimegeuza macho. Miaka yote hiyo halikutuyumbia hata mara moja.

Sasa nisikilize.

Siku ile tulikuwa tumemaliza kuwapukuchulia mahindi wale wazee, na walituomba tuwapelekee magunia manne sokoni Busia. Injini ilikuwa ya moto. Desturi yetu ilikuwa kungoja, tunakunywa uji na kutaniana, mpaka kiganja kiweze kukaa juu ya injini bila kuungua, ndipo tunapanga magunia kando yake. Lakini wingu lilikuwa limeshuka, na udongo wa njia ile ukilowa sote tunaujua. Wewe ulikuwa unaaga. Nikawaambia vijana wa pale wayatupe magunia nyuma, mkiani kabisa. Nilijiambia tutayahamisha tukifika lami.

Ulikuwa umeshawasha gari. Ukatoa kichwa dirishani: "Mzigo iko mbele?"

Nikasema, "Iko mbele."

Hukushuka kuhakikisha. Ungeshukaje, na mvua imeanza kudondoka, na aliyekujibu ni mimi? Tulipofika lami nikakumbuka magunia. Nilikumbuka, Othieno, sitakudanganya tena. Lakini kukuambia simama tuyahamishe ilikuwa ni kukuambia kwamba nimekudanganya, na nikaona haya. Nikakuacha uendelee kuendesha. Haya, basi! Mtu mzima nikaona haya kwa magunia manne.

Kwenye mteremko nililisikia tela likitikisika, kidogo, halafu zaidi. Uliondoa mguu kwenye mafuta. Hukurukia breki. Ulishika usukani kwa mikono miwili na ukaita jina la Yesu. Ulifanya kila kitu sawasawa. Na kila nilichokifunga kilishika, pini ilishika, minyororo ilishika, na kwa kuwa vilishika tela likatuzoa nalo mpaka mtaroni. Mimi nilitoka nikitembea.

Alama za magurudumu zilibaki kwenye lami, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Watu walikuja kuziangalia, wakatikisa vichwa. Wakasema mlevi tu ndiye anayeendesha hivyo. Wakakumbushana ulivyokuwa zamani. Nani aliyekumbuka kwamba miaka minne hukuonja hata malwa, pombe ya ulezi, kwamba kwenye harusi ya mdogo wako chungu kilipokufikia ulimpa jirani mrija wako ukaomba soda? Hata mchungaji, siku ya mazishi, alihubiri juu ya pombe mbele ya jeneza lako. Adikini, mkeo, aliinamisha kichwa mpaka mwisho, na tangu siku hiyo hajarudi kwaya. Nami nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenu nikiwa nimeapa kusema. Mama yako alinipa kiti chako, akawatoa watu wote nje, akanishika mkono. "Mtoto yangu, ambia mimi ukweli. Ile siku, Othieno alikunywa?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Hakuonja hata tone."

Alinitazama sana. Machozi yakamtoka. "Asante," akasema. "Hata sasa wewe nafunika rafiki yako. Mungu abariki wewe."

Hakuniamini, Othieno! Nilimpa ukweli nusu, akauona ni wema wangu. Akanipa na kuku wa kwenda naye nyumbani. Nilimbeba kuku yule njia nzima nikitaka ardhi inimeze. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siwezi kukutoa wewe kwenye aibu huku mimi nimebaki pembeni, nikiwa msafi. Mama yako hatakuamini wewe mpaka anichukie mimi.

Jumapili wanavunja matanga. Wamengoja mavuno ili watu walishwe vizuri. Baada ya sala wenye neno watasimama, na mimi nitasimama, mbele ya mchungaji yuleyule. Nitasema kwa Kiswahili, wenu na wetu wote wasikie. Nitasema nani aliulizwa na nani alijibu. Wasiponielewa nitawaonyesha kwa tela lenyewe, nimeshanyoosha gurudumu. Naogopa. Nimeogopa wiki nzima, na mara mbili nimewaza kuvuka mpaka nipotelee Kenya. Sitavuka. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na safari hii njoo uhakikishe: Jumapili haitaisha kabla mama yako hajajua kwamba mwanawe alikufa na akili zake timamu, na kwamba mkono alioushika Jumamosi ndio uliomuua.

Ndugu zako nawajua. Huenda wakanipiga. Huenda ukoo ukasema nisikanyage tena boma lile, nami nitatii, sitakuwa na la kujitetea. Kaburi lako liko ndani ya boma, nyuma ya nyumba ya Mama.

Ndiyo maana nimekuja hapa kaburini kukuaga leo, Othieno, wakati bado wananifungulia lango.

Kwaheri, ndugu yangu.

Wandera