Klachi Iliyovunja Taya la Shemeji Yako

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi je, kile kikohozi kimemwachia? Na wanao wanakua, au wanamaliza chakula bure tu? Sisi ni wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyezikwa. Mama anakula, analala, anagombana na kila apitaye; ukimsikia sauti utadhani binti.

Najua umekwisha kusikia juujuu kwamba mdogo wetu Radi na mume wangu walipigana. Hawakupigana, Kaka. Kupigana ni watu wawili. Nataka ulipate jambo lenyewe kutoka kwangu, maana nina ombi, na ombi hilo bila habari zake utaliona wazimu.

Lori la marehemu baba ndilo lililoanza. Mume wangu alikuwa analipandisha kilima cha hapa nyumbani na shehena ya matofali. Katikati ya mwinuko injini ikapandisha mngurumo, lakini magurudumu yakakataa kwenda, halafu likaanza kurudi nyuma. Breki zake unazijua, zilikuwa kuukuu hata kabla hujaondoka. Likaja kinyumenyume, likabomoa ukuta wa chumba cha Mama na kuponda kitanda chake. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Angekuwa amejilaza kidogo tu, ningekuandikia barua nyingine.

Radi akatoka mbio gereji kwake, spana kubwa mkononi. Akanusa harufu ya klachi iliyoungua, na mafundi unawajua: wakiisikia harufu hiyo, mwenye kosa ni dereva. "Unakalia klachi! Nimekwambia mara ngapi utoe mguu?" Mume wangu hajafungua hata kinywa kujibu, Radi akamvuta kutoka kwenye kiti akamtandika spana ya taya. Akamtandika tena akiwa chini. Niliusikia mfupa ukivunjika. Nilimrukia Radi mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake, na bado hakuacha, hadi majirani walipomkokota kwa miguu. Hasira hasara, wanasema. Kwetu hasara ilikuwa meno manne, taya lililofungwa waya hospitalini, na mwanamume mzima kunywa uji kwa mrija.

Mama ndiye aliyesema neno la maana. Alimwambia Radi, "Umepiga mtu kabla ya kupima gari. Haya, sasa pima."

Akapima, kifua bado kiko mbele. Akavuta breki ya mkono, akatia gia ya juu, akaachia pedeli ya klachi huku injini inawaka. Klachi nzima ingeizima injini palepale. Hii ikaendelea kunguruma kama haikuambiwa kitu. "Mmeona? Imeisha. Ameimaliza yeye." Mama akamwambia afungue. Akaingia uvunguni, akashusha giaboksi, oili ikammwagikia usoni. Sahani ya klachi haikuliwa na mguu wa mtu. Ilikuwa imelowa oili, inateleza tu. Oili ilikuwa inapita kwenye sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, na sili hiyo Radi aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja mdomo asijue. Kikulacho ki nguoni mwako. Alijigonga kichwa kwenye chasisi mpaka damu ikamwingia machoni. Nilisimama nikamtazama, wala sikumwambia aache.

Alipomaliza kufunga sili mpya na sahani mpya, alikuja kumpigia mume wangu magoti. Mume wangu hawezi kusema, waya haumruhusu. Alitoka, akalijaza lori matofali, akalisimamisha katikati ya kilima kilekile. Akamwonyesha Radi kidole, kisha akaonyesha nyuma ya lori. Hakuna ambaye hakuelewa. Kama umetengeneza kweli, simama hapo.

Radi akasimama. Mama akanipa jiwe la kutegea tairi, nilitupe chini ya gurudumu lori likirudi. Mume wangu akaachia breki. Lori likarudi taratibu mpaka bodi ikamgusa Radi kifuani, ikamsukuma hatua moja, na nyingine. Hakukwepa, alifumba macho tu. Mama alikuwa ananiita kwa mayowe. Halafu injini ikavuma, klachi ikashika, na lori likakipanda kilima kama ng'ombe aliyeona maji.

Mume wangu akashuka, akamzaba Radi kofi moja lililomwangusha, kisha akamnyanyua yeye mwenyewe kwa ukosi wa shati. Yakaishia hapo. Siku hizi wanashinda wote chini ya lori. Shemeji yako anacheka huku machozi yanamtoka, maana waya unamchoma, na Radi ndiye anayemshikia mrija. Watu wananipa hongera kwamba wamepatana.

Hakuna aliyeniuliza habari za jiwe. Mama anadhani niliganda kwa hofu. Sikuganda, Kaka. Gurudumu lilikuwa mbele yangu, jiwe liko mikononi, nami nikalikumbatia. Nilitaka lori lishuke. Aliyevunjwa taya amesamehe, mimi bado. Kila Radi akinipita na kuniita dada, macho yangu yanalitafuta lile jiwe, na ninajiogopa.

Basi ombi langu ni hili: njoo. Usije kwa ajili ya hao wawili, hao wanataniana kutwa. Njoo unipatanishe mimi na mdogo wako, mapema.

Nisalimie wifi na watoto wote, na yule baba mkwe wako mcheshi. Mama anakusalimu, anauliza unakula nini huko. Mume wangu anakupungia mkono, ndiyo salamu aliyo nayo kwa sasa. Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu mzima.

Radi naye anakusalimu. Alisimama mlangoni akaniomba niliandike hilo, nami nimeliandika bila kumtazama.

Wako akupendaye, anayekungoja,
Dada yako