Barua Niliyoificha Ndani ya Kitabu cha Hesabu

Mpendwa Bi Adelgunda,

Msaada ninaouomba kwenye ukurasa wako wa gazeti ni wa haraka, kwa hiyo salamu nitazifupisha, ingawa marehemu mke wangu angenikemea kwa hilo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na tano, nakaa hapa Kanoni, na moyo wangu umechoka, si kwa huzuni bali kwa maradhi, miguu imevimba hata viatu vyangu nimewapa wengine, na dakta wa Bukoba aliponisikiliza kifuani alivua mipira yake masikioni akaanza kuzungumzia mvua za mwaka huu, nami nikaelewa. Tena jirani yangu Byabato, ambaye ni seremala, alikuja juzi kunipima kwa kamba, akisema eti anataka kunitengenezea kitanda kizuri, na tangu siku hiyo nasikia randa yake kutwa nzima, nami katika maisha yangu sijapata kuona kitanda kinachopimwa mabega.

Sina ugomvi na mbao za Byabato. Kinachoninyima raha ni karatasi moja.

Nyumbani tuko watatu. Kuna mimi, kuna mkwe wangu Edvina anayeniuguza, ambaye mumewe, yaani mwanangu Cassian, ni karani Bukoba na huja kila mwisho wa mwezi, na kuna binti yao Kokuberwa, mjukuu wangu, mwenye miaka kumi na mitano, aliyemaliza darasa la nane mwaka huu, na ambaye tangu akiwa mdogo huwezi kuacha ukuta mweupe karibu naye ukaukuta mweupe jioni. Mwaka jana aliadhibiwa shuleni kuchota maji wiki nzima kwa sababu katika kitabu chao cha kusoma mlikuwa na picha ya ng'ombe mnene mwenye vipembe vifupi kama vidole gumba, na chini yake imeandikwa kwamba huyo ni ng'ombe wetu, basi yeye akachukua kalamu ya risasi akamwongezea pembe ndefu za ng'ombe wa huku, ndefu hata zikatoka nje ya ukurasa zikaingia ukurasa wa pili kwenye habari za usafi wa meno. Nilimwita nimkaripie.

"Kitabu cha serikali unakichora?"

"Babu, yule si ng'ombe wetu. Aliyemchora hajapigwa mkia usoni hata siku moja."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayewarekebisha wenye vitabu?"

"Mtu lazima awachoree, Babu. Kwa nini asiwe mimi?"

Nilicheka, Bi Adelgunda, na nadhani yeye alikichukua kicheko kile kuwa ruhusa.

Ilipofika wakati wa kujaza fomu ya kuchagua shule ya sekondari, fomu ilikuwa ya Kiingereza, na katika nyumba yetu mwenye Kiingereza cha kutosha ni mimi, kwa hiyo nikaijaza mimi. Kokuberwa aliniambia wazi kwamba ya kwanza niandike ile shule mpya ya wasichana ng'ambo ya ziwa, upande wa Mwanza, ambayo ina chumba kizima cha kuchora, na mwalimu wa rangi, na mahali pa kufinyanga, na wasichana wanafundishwa hata kupiga chapa vitambaa, na ya pili niandike ile shule ya zamani yenye sifa, inayotoa wauguzi na walimu kila mwaka. Nikaitikia, nikavaa miwani, nikaandika kinyume. Ya zamani juu, mpya chini. Akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu aliyeandika ni babu yake.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe mwalimu wake, Bi Kyomugisha, alikuwa amekwisha kuipelekea ile shule mpya picha moja ya mtoto bila kuniuliza, na mwanzoni mwa mwezi huu wa Novemba ikaja barua kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandikwa mlezi. Wanasema wameona wamewekwa wa pili, lakini picha imewapendeza, na watampa nafasi mwezi wa Januari iwapo kabla ya tarehe kumi Desemba watapokea karatasi yenye sahihi yangu pamoja na picha tatu: moja ya kitu cha nyumbani, moja ya mtu, na moja ya kitu ambacho mtoto hajapata kukiona kwa macho yake ila amesimuliwa tu.

Edvina aliniona nikiisoma.

"Barua ya wapi, Tata?"

"Misheni," nikasema. "Wananiulizia afya."

"Mungu awabariki, wanakukumbuka," akasema, akaenda kunichemshia uji. Barua nikaificha chini ya godoro, lakini Edvina hugeuza godoro kila Jumamosi, kwa hiyo nikaihamishia kwenye kasha la vitabu, ndani ya kitabu cha hesabu cha darasa la sita, maana nilijua humo hakuna atakayefungua kwa hiari yake.

Nimejipa sababu nyingi. Ng'ambo ya ziwa ni mbali na mtoto hajawahi kupanda meli. Muuguzi anapata kazi popote, bali mchoraji sijui anabisha hodi wapi. Shule mpya haina jina bado. Kila moja naweza kuitetea mbele ya baraza. Lakini mtu akisikia randa kutwa anapungukiwa na hamu ya kujidanganya, kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo hata mwanangu Cassian halijui.

Mimi pia nilikuwa nachora. Sisi asili yetu ni wafugaji, kwetu ni Isingiro, na mwaka 1921, nikiwa mwalimu kijana, nilijengewa hapo karibu na kwetu shule ya udongo yenye ukuta mmoja uliopakwa chokaa, na kwa kuwa hatukuwa na vitabu, niliwachora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu ng'ombe wote wa baba yangu ili watoto wajifunze kuandika majina ya ng'ombe hao, kila ng'ombe na rangi yake na pembe zake. Sasa kwetu idadi ya ng'ombe haisemwi. Ukimwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi atakutazama kama umemwuliza atakufa lini. Nami nilidhani kuchora si kusema.

Wakati ule tulikuwa tunamposea mdogo wangu Kahigi. Baba alikuwa amewaeleza wakwe kwa unyonge mkubwa kwamba ng'ombe wa kutoa ni wanne tu, waliobaki ni ndama na vikongwe, na ng'ombe wake mzuri kuliko wote, aitwaye Bihogo, mwekundu kama kahawa iliyoiva, alikuwa amemficha kwa shangazi mpaka mazungumzo yaishe. Mzee Rwezaura, baba wa binti, alipokuja siku hiyo mvua ikamkuta njiani, akajikinga shuleni kwangu. Alikaa mle muda mrefu kuliko mvua yenyewe. Alipofika nyumbani akapokea pombe, akashukuru, akasema, "Wanne wenu tumewasikia. Ila yule mwekundu mwenye nyota nyeupe kipajini, ambaye pembe ya kushoto imelalia nyuma kidogo, mbona hamkumtaja? Au mimi si mtu wa kumsikia?"

Baba akatuma mtu kwa shangazi. Bihogo akaenda. Kahigi akaoa, wakazaa watoto saba, na wakapendana hata sisi tukaona haya. Lakini kesho yake baba alikuja shuleni na ndoo ya samadi mbichi, akaupaka ukuta wote mbele ya wanafunzi wangu, akanishika kifundo cha mkono akasema, "Mkono huu unapayuka kuliko ulimi. Ukichora tena, usiniite baba." Mwezi uleule padri mmoja aliyekuwa ameona ukuta ule alitaka kunipeleka Uganda kwa mafundi wa kuchora na kuchonga sanamu za kanisa, miaka miwili, chakula juu yao. Nikamwambia sina nafasi. Tangu hapo sikuchora hata ramani ubaoni. Nilikuwa nawaagiza wanafunzi waichore wao, nami nikiwa nimegeukia dirishani.

Basi naomba uniambie. Ninyamaze, mtoto aende kwenye shule yenye sifa, anizike akinipenda? Au niseme, na nikisema niseme nini, na je, shule ile mpya ni mahali pa kumpeleka mtoto kweli? Usinihurumie kwa sababu ya mbao.

Ni mimi,
Mwalimu Projestus Tumwine,
Kanoni, Karagwe, 14 Novemba 1957


JIBU LA BI ADELGUNDA

Shikamoo, Mwalimu. Nimekwisha kukuamkia, sasa niruhusu nikugombeze.

Kwanza, jibu hili nimekupelekea kwa barua, kwa lori la kahawa, siku ileile yako iliponifikia. Wasomaji wetu watalisoma gazeti likitoka, lakini tarehe kumi Desemba haimngoji mpiga chapa.

Nakupa pole ya moyo na ya miguu. Pole ya barua sikupi. Uliaminiwa kwa sababu ya miwani yako na Kiingereza chako, ukavitumia vyote viwili kumzunguka mtoto. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemfanyaje? Tena Edvina wa watu akakupikia uji!

Sababu zako za meli na kazi nimezisoma mara mbili. Ni sababu za mzazi yeyote, na nitazijibu. Lakini hazikukuambia ufiche barua. Mtu mwenye hofu huuliza, hugomba, hupiga simu kwa karani wa wilaya. Wewe ulinyamaza. Ulinyamaza kwa sababu Kokuberwa anakaribia kupewa kile ulichokikataa kwa padri mwaka ule, nawe hukutaka kukitazama kikipita mlangoni. Huo ni wivu, Mzee wangu. Si dhambi ya ajabu, hata mabibi wenye rozari ndefu wanayo, lakini iite kwa jina lake.

Na hili la baba yako tulimalize. Yeye alificha ng'ombe, wewe ukachora kilichokuwapo. Kahigi akapata mke aliyempenda na watoto saba. Miaka thelathini na sita umeubeba mkono wako kama mwizi, na hasara yenyewe ni ng'ombe mmoja aliyekwenda kwa shemeji zako! Mbona hukumwuliza Kahigi kama alijuta?

Sasa shule. Ile ya zamani ni nzuri, kwa msichana anayetaka uuguzi. Wako hataki. Ukimpeleka huko atafaulu, kwa kuwa ana akili, kisha utakuwa na muuguzi anayechora kwenye kadi za wagonjwa. Hata hivyo chumba cha kuchora peke yake hakitoshi, na hapo hofu yako ina kazi. Mwandikie mkuu wa shule ile kwa Kiingereza chako hichohicho. Mwulize kama wasichana wanafanya mtihani wa darasa la kumi na la kumi na mbili kama wenzao wote, kama hesabu na Kiingereza vinafundishwa kwa ukamilifu, mwalimu wa kuchora alisomea wapi na kama anakusudia kukaa, na msichana akimaliza anaweza kuendelea wapi, chuo cha ualimu wa sanaa au kwa wachapa vitabu. Shule inayojua inachofanya itakujibu kwa furaha. Ikikwepa, mtajua mapema, na ile nyingine bado mmeiweka kwenye fomu. Lakini usingoje majibu ndipo utie sahihi. Tia leo. Kuhusu meli, Cassian atampandisha mwenyewe, na wasichana wa Bukoba huvuka kila muhula wakitapika na kuimba, wanafika salama.

Utasemaje nyumbani? Mwite Edvina na Kokuberwa pamoja, mchana, wakiwa wameshiba. Toa barua kitabuni kwa mkono wako mwenyewe, mpe mtoto. Sema ulivyoandika kwenye fomu, sema ulivyoificha, sema kwa nini. Usianze na maradhi! Ukianza na maradhi hatathubutu kukukasirikia, na kukasirika ni haki yake. Mwache akasirike siku mbili, tatu. Atarudi. Mtoto aliyemtetea ng'ombe mpaka akachoteshwa maji hashindwi kumsamehe babu yake, lakini hawezi kukusamehe kitu usichomwambia.

Halafu kazi ianze, maana siku ni chache. Cha nyumbani ataona mwenyewe. Mtu, yuko kitandani hapo, hatembei mbali, na uso wake una mengi ya kuchora. Mwite na Byabato. Mwambie aache hicho anachokiita kitanda, atoe ubao mmoja mlaini katika mbao zile akate kipande cha kuchorea, na safari hii apime mabega ya Kokuberwa.

Picha ya tatu ni ya kitu ambacho mtoto hajakiona, amesimuliwa tu. Mwalimu, niliposoma hapo kwenye barua yako nilicheka peke yangu ofisini hata wenzangu wakaniuliza kuna nini. Katika nyumba hiyo nani amebaki anayemkumbuka Bihogo? Keti, weka mito mgongoni, msimulie mjukuu wako, rangi na nyota na kila kitu. Na akifika kwenye pembe ya kushoto akakosea, usimweleze kwa maneno. Chukua kalamu, umwonyeshe.