Kitabu cha Maktaba Kimeondoka na Usipa

Veneranda,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Kuku wafungulie.

Usikitafute tena kwa akina Benadetha. Kitabu cha Baiolojia nilikitoa mimi. Asubuhi nilimpa Mama Kauthar, muuza usipa, madaftari ya zamani ya kufungia samaki, nacho kikaenda humo humo. Ulipolia kwamba kinatakiwa maktaba leo, nikaogopa kusema, nikauliza tu ni kitabu gani. Ukanijibu, "Bibi, wewe utajuaje kitabu!" Limenichoma hilo, maana safari hii ulisema kweli.

Nimepanda gari la Liuli kumfuata kabla hajakichana.

~~Leo usiende maktaba.~~ Hapana, nimefuta. Nenda. Kile kipindi cha saa nane cha Kidato cha Nne hapo maktaba usikikose, mtihani hausubiri samaki. Yule dada wa maktaba mwambie kabla hajakuuliza: bibi yangu kakosea, kakifuata. Akiizuia kadi, omba ukae usomee humo humo ndani. Kikinuka usipa nitakirudisha mwenyewe.

Kitendawili: mzee mzima kakimbia machozi ya mjukuu. Usinipe mji, jibu hili hapa chini.

Bibi yako