Dakika Kumi za Mama

Jumatano, 12 Februari 2025

Siku ya tisa Mama yuko kitandani. Aliinama kunyanyua bido, dumu la maji, akageuka kabla hajanyooka — mgongo ukamshika pale pale, juu ya kiuno. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemkataza hata kukaa. Baba alipiga simu kutoka Gitega anakofanya kazi ya ujenzi: usimwache ainuke. Sikumwacha. Nilijiona muuguzi.

Maharage hayajapandwa, na mvua haitungoji. Jioni nilikwenda kwa mzee Urbano. Ndiye anayeita majirani kwenye ikibiri, mtu akiugua wamlimie. Aliuliza: hawezi kabisa? Nikasema hawezi hata kuinuka. Si kweli. Chooni huenda mwenyewe, na fimbo. Watakuja Jumamosi ya tarehe 22, wakitoka kazi ya umma ya barabara ya kila Jumamosi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimempeleka Mama Muyinga mjini, kwa kine — ndivyo wanavyomwita anayetibu viungo na misuli. Jina lake Raissa. Alimgonga Mama magoti kwa kinyundo, akamsimamisha kwa visigino, kisha kwa vidole. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unatoka bila kujua? Hapana. Basi hakuna dalili mbaya, akasema, ni misuli.

"Siku ngapi umelala?"

"Kumi na moja."

Alinigeukia mimi. "We mtoto, kitanda iko namaliza mama yako."

Dawa ni kutembea. Dakika kumi, mara tatu kwa siku, hata kukiuma kidogo. Asibebe kitu wala asilime wiki sita. Ganzi ikija katikati ya mapaja, au mkojo ukikataa, hospitali siku hiyo hiyo. Niliandika yote nyuma ya daftari la biolojia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Buhinyuza nilihesabu. Siku kumi na moja, na ni mimi.

Jumatatu, 17 Februari

Anatembea — ndani, mlango umefungwa. Chumba chetu ni hatua sita. Nilimwambia njia ya kando ya shamba ni nzuri, haina mawe.

"Binti yangu, wameambiwa siwezi kuinuka. Wakiniona natembea, nani atashika jembe?"

Chemchemini, Anisia wa nyumba ya pili aliwaambia wenzake, akijua nasikia: ugonjwa wa mgongo ni kama nguo, mtu huuvaa siku ya kulima, huuvua siku ya harusi. Na waliokulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania walizoea kuletewa posho. Walicheka. Mama alikulia huko, hakuchagua.

Bido langu nililiinua kama Raissa alivyotufundisha: goti chini, bido karibu na tumbo, mgongo wima. Wakacheka tena. Mtazameni, anasali kwa bido.

Alhamisi, 20 Februari

Hatua sita, kugeuka, hatua sita. Kizunguzungu kimemlaza. Asubuhi mgongo ulikuwa umekaza kama mti. Nilisema nakwenda kwa mzee Urbano kusema ukweli. Mama: "Ngoja wapande kwanza."

Sikwenda.

Jumamosi, 22 Februari

Wako kumi na wanne shambani. Napika jikoni, naandika nimekaa juu ya kinu.

Kila mmoja alipita kwanza kumpa Mama pole. Kila mmoja alimkuta amelala chali, na kulala chali ndiko kunakomuumiza zaidi. Anisia alileta ndizi. Alimwekea nguo iliyokunjwa chini ya magoti, taratibu, kama kwa mama yake. Alipotoka, Mama aligeukia ukuta.

Kisha akaita. "Saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Nipe viatu."

Niliuliza nimshike mkono. Akasema nichunge sufuria.

Namwona kutoka hapa mlangoni. Ametoka na fimbo. Amepita migomba, anafuata kando ya matuta. Majembe yananyamaza, moja moja. Mzee Urbano amemwuliza anakwenda wapi.

Mama amejibu kwa Kirundi, kwa sauti ya kumfikia hata aliye mwisho: anatembea, ndiyo dawa aliyopewa. Na mtoto msimlaumu, ni yeye mwenyewe, Mama, aliyemtuma kusema hawezi kuinuka.

Hakunituma.

Anisia ameweka jembe chini, anamfuata. Sijui kwa nini. Naepua maharage, nakwenda.

Mama hajasimama. Bado dakika nne zitimie kumi.